Noreen Holroyd wa Kikombe cha Pili, 1957–2024

Noreen Holroyd alizaliwa Nelson, Lancashire, tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa Harold na Edna Duerden. Baba alikuwa mfumaji kiwandani na Mama alikuwa mpishi wa shule. Mimi Roy, ninayesoma haya, nilifuata miaka minne baadaye. Mama alisema Noreen alinikagua kitandani, akauliza nitakaa mpaka lini.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, akaacha masomo akiwa na miaka kumi na sita kwenda kufunga vifurushi ghalani. Hakuipenda kazi hiyo hata siku moja. Mwaka 1981 aliajiriwa katika makao ya watoto huko Burnley, na mwaka 1986 akahitimu chuoni Preston kuwa afisa ustawi wa jamii. Aliitumikia halmashauri miaka kumi na minne.

Tarehe 4 Juni 1983 alifunga ndoa na Trevor Holroyd, fundi wa mabasi, katika kanisa dogo la Barrowford. Alichelewa dakika arobaini kwa sababu kulikuwa na mtoto makaoni aliyekataa kula mpaka Noreen akae naye. Trevor alimwuliza mbele ya mchungaji, "Unaolewa na mimi au na kazi?" Noreen akajibu, "Na wewe. Kazi nimeshaolewa nayo." Walijaliwa binti mmoja, Alison. Trevor alifariki mwaka 2011, na tangu hapo nyumba ya dada yangu haikuwa na wa kumwambia azime simu.

Mwaka 2000 Noreen alijiunga na Thornbeck, shirika binafsi la walezi wa kambo. Halmashauri inapokosa nyumba ya kumweka mtoto aliyeondolewa kwao, hupigia simu mashirika ya namna hiyo. Mtoto ana afisa wake wa halmashauri. Kazi ya Noreen ilikuwa kumtunza mlezi ili mlezi aweze kumtunza mtoto. Maofisa wa halmashauri nao walimkimbilia, wengine vijana ambao bado wana chunusi. Walikuja kulia ofisini kwake, akawapa biskuti, kisha akawarudisha kazini na jina la nyumba iliyo tayari kupokea.

Kwa walezi alikuwa na kanuni moja. Haondoki kabla ya kikombe cha pili cha chai. "Kikombe cha kwanza wanakupa majibu ya fomu," aliniambia. "Cha pili ndipo wanaposema kwamba mtoto amevunja mlango na wao wamelala bafuni wakilia." Miaka kumi na tatu alikunywa chai ya watu, na watoto katika nyumba zake hawakuhamishwa ovyo.

Kisha shirika likauzwa kwa kampuni kubwa ya kusini. Hilo nalisema hapa hapa mbele ya jeneza, na kama kuna wa kampuni hiyo kanisani, mlango haujafungwa. Familia alizozisimamia zilipanda kutoka kumi na mbili hadi ishirini na moja. Meneja mpya akamwambia kila ziara isizidi dakika hamsini. Noreen alibisha, akaandika barua, akajibiwa kwa adabu, na mwisho wa yote akawa anakimbia kama wengine.

Alhamisi tarehe 6 Novemba 2014 alipita kwa Maxine Tattersall, mjane wa Barrowford, aliyekuwa akilea msichana wa miaka kumi na tatu kwa mwaka wa pili. Kwa sasa nitamwita msichana tu. Noreen hakuingia ndani. Maneno yaliyosemwa mlangoni aliyarudia mara nyingi mno, nami nayajua kwa moyo.

"Mko sawa, Maxine?"

"Tuko sawa. Wewe kimbia tu, naona unatazama saa."

"Nitakuja wiki ijayo tukae vizuri."

"Wiki iliyopita pia ulisema wiki ijayo."

Wakacheka. Garini Noreen alijaza fomu. Palipoulizwa mlezi anaendeleaje, aliandika: vizuri.

Siku kumi na moja baadaye Maxine alipiga simu. "Njooni mmchukue. Leo hii, si kesho." Msichana alikuwa akimpiga tangu kiangazi, akivunja vitu na kuomba radhi, na Maxine hakumwambia mtu kwa kuogopa kwamba akisema amechoka, mtoto atachukuliwa. Alichukuliwa saa tisa alasiri hiyo. Nyumba pekee iliyopatikana ilikuwa Kent, upande wa pili wa nchi. Ndani ya mwaka mmoja alihamishwa mara nne. Alifariki akiwa na miaka kumi na saba.

Noreen alisafiri kwenda mazishi hayo. Waombolezaji walikuwa saba. Maxine alikaa upande mmoja na Noreen upande mwingine, hawakuangaliana. Mchungaji, ambaye hakuwahi kumwona marehemu, alisoma jina na tarehe mbili, kisha akauliza kama kuna anayetaka kusema neno. Hakuna aliyesimama. Hakuna wasifu uliosomwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu mmoja aliyejua maisha yale yote, na wawili waliojua vipande vyake walikuwa wamekazia macho sakafu.

"Roy," aliniambia aliporudi, "hata mbwa wa Baba tulimzika kwa maneno mengi kuliko yale."

Alistaafu mwaka huo huo, 2019. Akaanza mwenyewe kuuandika wasifu wa msichana yule, lakini ukurasa ulikuwa na mapengo mengi kuliko maneno. Jalada lake halmashauri isingempa. Aliyejua alichopenda mtoto yule na alichoogopa alikuwa Maxine. Noreen alibisha hodi kwake mara tatu. Mara zote tatu pazia lilitikisika na mlango haukufunguliwa. Nilimshauri aache. Aliniambia nikatengeneze bomba langu linalovuja.

Mwezi Agosti 2023 aligundulika ana saratani ya kongosho, imeshasambaa. Alikataa dawa kali akasema anataka miezi michache yenye akili timamu. Oktoba, nikiwa jikoni kwake, hodi ikapigwa. Alikuwa Maxine, ameshika bakuli limefunikwa kwa taulo.

"Nimesikia unaumwa."

"Umesikia sawa."

"Nimeleta pai ya nyama. Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani. Ingia, unaingiza baridi."

Nilichemsha maji. Kikombe cha kwanza walizungumzia miguu ya Maxine na bei ya gesi. Nilipomimina cha pili, dada yangu aliweka mikono yote miwili mezani. "Niliuona uso wako siku ile," akasema. "Niliuona, Maxine, na nikaondoka."

Maxine alikisogeza kikombe chake pembeni. "Na mimi nilikudanganya," akasema. "Niliogopa ungeandika." Kisha akauliza ukurasa uko wapi, maana mtaa mzima ulijua kuna ukurasa.

Alikuja kila Jumanne. Noreen alipoacha kushika kalamu, Maxine aliandika. Walibishana sana, na mara mbili Maxine aliondoka bila kuaga. Hakuna siku niliyomsikia akitamka kwamba amesamehe, nami sitamsemea. Jumanne tarehe 16 Januari waliandika mstari wa mwisho. Noreen alifariki kesho yake asubuhi, nyumbani kwake Colne, Alison akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Ameacha binti, Alison, na mkwe wake Gareth. Wajukuu wawili, Imogen na Callum. Mimi mdogo wake. Na walezi wengi waliojaza viti vya nyuma leo. Watoto waliopita katika nyumba hizo wangejaza kanisa lingine, ila sheria haituruhusu kuwataja.

Mmoja tutamtaja. Ndilo jambo pekee Noreen aliloniagiza, kwamba nisishuke hapa kabla sijausoma ukurasa huu.

"Jodie Marsden alizaliwa Blackburn tarehe 14 Juni 2001. Alisoma shule sita. Aliogopa lifti, hakuogopa mbwa. Alikula kingo za mkate kwanza. Kwa Maxine alijifunza kuogelea, akafika mita mia nne, na usiku huo alilala na cheti chini ya mto. Aliondolewa Barrowford tarehe 17 Novemba 2014. Alikuwa mtoto, na waliochoka walikuwa watu wazima. Alifariki tarehe 2 Februari 2019. Ameacha mama mmoja."

Hapo pana jina, kwa mwandiko wa mwenyewe: Maxine Tattersall. Yuko mstari wa mbele, pembeni ya Alison.

Dada, nimeusoma wote. Lala salama, na Jodie naye alale.