Mguu wa Sura ya Tatu Nao Unastaafu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu wa uuguzi, familia ya mstaafu wetu mliotuazima mama yenu miaka yote hii, wanafunzi wapendwa, nanyi mliosimama karibu na mlango mkinyemelea soda: kabla ya lolote, nina tangazo zito. Kuanzia leo, mguu wangu wa kulia unastaafu rasmi. Umewatumikia wagonjwa kwa uaminifu katika Sura ya Tatu ya kitabu chetu cha kufunga vidonda, na toleo jipya tunalolizindua leo halina nafasi yake tena. Familia ya mguu inaomba utulivu.

Naona mnacheka. Chekeni, lakini mguu huu una historia, na historia yenyewe ni ya dada yangu aliyeketi pale mbele, mstaafu wetu, ambaye chuo kizima kinamwita Mama Bandeji.

Wakongwe wa hapa mnakumbuka tulivyokuwa tukifundisha. Tulikuwa na kitabu kimoja kizuri, picha za rangi, karatasi inayoteleza kama sabuni. Nakala halali ilikuwa moja tu, maktabani. Nyingine zote zilizaliwa na mashine ya kopi, na ilipofika kopi ya kopi ya kopi, kidonda na bandeji vilikuwa doa moja jeusi. Nani kati yetu aliwahi kujiuliza kama tunaruhusiwa? Ni yeye. Aliingia ofisini, akakiweka kitabu mezani, akasema, "Jamani, hiki kina wenyewe. Wameandika humu ndani, wala hawakuficha." Akamwandikia mchapishaji kuomba ruhusa. Jibu lilikuja la adabu sana, na lilikuwa hapana.

"Sasa dada," nikamwuliza, "tutafundisha kwa ishara?"

"Vua kiatu," akasema.

Ndivyo kitabu chetu kilivyoanza. Yeye aliandika maneno, sisi tukatoa viungo. Kiwiko ni cha mpishi wa bwalo. Goti ni la mkutubi. Na kile kichwa kilichofungwa hadi kwenye nyusi, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wanafunzi wanaulizana mpaka leo kama ulipona.

Kilipokamilika, akaja na jambo jingine: leseni huria. Yaani hakimiliki inabaki kwetu, ila tunampa kila mtu ruhusa mapema na kwa maandishi: anakili, atafsiri, arekebishe, mradi ataje alikoitoa kazi na aonyeshe alichobadilisha. Mimi nikanung'unika. "Tuhangaike sisi, wengine wachote tu?"

"Mdogo wangu," akasema, "umeshalisahau lile jibu la hapana? Sitaki mwalimu yeyote alipate kutoka kwangu."

Nikachukua kalamu, nikaiandika leseni kwenye ukurasa wa kwanza.

Muhula uliopita ukaja ujumbe kutoka chuo cha mbali tusichokijua. Wanakitumia kitabu chetu, wanashukuru, ila picha ya mguu ina kosa: bandeji imefunika vidole. Vidole huachwa wazi, ili muuguzi aone kama damu inafika. Wao wametumia ruhusa waliyopewa, wakapiga picha mpya, na sasa wanatuletea.

Mheshimiwa, ulikasirika, na tulikuelewa. Ulitaka kitabu kiondolewe kabla hatujaaibika zaidi. Kwa darasa la mwaka wa kwanza, hiyo ilikuwa safari ya kurudi kwenye doa jeusi. Kwa dada yangu, aliyebakiza muhula mmoja tu, ilikuwa ni kuondoka na sifa ya mwalimu wa bandeji asiyejua kufunga bandeji. Alisimama kikaoni akasema, "Kosa ni langu. Wekeni picha yao, na chini yake mtaje chuo chao. Leseni ndiyo iliyowaruhusu kutusahihisha. Bila hiyo wangetucheka kimyakimya." Kitabu kikabaki. Lakini kwenye korido watu wakaanza kunong'ona: Mama Bandeji kachoka, Mama Bandeji kasahau kazi.

Hakusahau kitu. Sikilizeni kilichotokea.

Siku tulipopiga ile picha yetu ya mguu, nilipovua soksi, kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi, imeng'oka nusu. Projekta ya darasani ilikuwa imeniangukia. Wanafunzi walioshika kamera wakaanza kukonyezana. Yeye alinitazama usoni, si mguuni. Akaufunga mguu inavyotakiwa, kisha akaongeza mizunguko, taratibu, mpaka vidole vikapotea. "Tutairudia kucha ikiota," akaninong'oneza. Kazi zikatuzidi, hatukuirudia.

Kwenye kikao kile nilianza kuinuka ili nieleze. Akanikanyaga chini ya meza. Mguu uleule! "Kaa," akasema. "Hakuna mgonjwa atakayepona kwa habari za kucha yako."

Dada, leo umeketi mbali, hunifikii. Kwa hiyo wajue wote, na wajukuu zako wasikie: ulijua kwamba vidole huachwa wazi tangu wengi wa walioko humu hawajazaliwa. Ulivifunika ili mtu mzima asichekwe na watoto, na aibu yake ukaibeba wewe. Nilikuwa sijakushukuru mbele ya watu. Sasa nakushukuru.

Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunivumilia. Kucha iliota, haijambo. Anayetaka kuiona, nitavua soksi pale mlangoni, na ruhusa ya kupiga picha ninaitoa hapahapa, mradi mumtaje aliyeufunga mguu.