Kimo, Aliyelinda Daraja Fupi la Reli

Ndugu, jamaa, majirani, madereva na wafanyakazi wa reli mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, familia imemkabidhi binti wa kaka yake kazi ya kuwasomea maisha yake, na binti huyo, ambaye kwake marehemu alikuwa baba mdogo, anaomba radhi mapema iwapo sauti itamkwama, kwani maneno haya aliyaandika juzi huku akilia na hana hakika kama leo atayasoma hadi mwisho bila kulia tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, zile za matofali zinazotazamana na karakana, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa njia ya reli na mkewe. Kaka yake alimtangulia kwa miaka minne, na tangu alipojua kutembea marehemu hakwenda popote bila kumshika kaka huyo shati kwa nyuma, hata mama yao akazoea kushona pindo la shati lilelile kila mwisho wa juma, akilalamika kwamba amezaa mtoto mmoja na mkia wake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 akamaliza mwaka 1971, akapata nafasi ya sekondari, ila mwaka 1974 baba yao aliumia mgongo kazini na ada ikawa haipatikani tena, basi akaacha masomo bila kinyongo, akamfuata kaka yake ambaye wakati huo alikuwa ameshakuwa dereva wa malori katika kampuni moja ya usafirishaji. Huyo kaka ndiye aliyemfundisha kushika usukani, kusikiliza injini, kufunga turubai na kumheshimu kila mtu anayetembea kando ya barabara, na marehemu alipopata leseni yake tarehe 3 Mei 1979, kaka alishangilia kuliko yeye mwenyewe, akatembea mtaa mzima akiwaonyesha watu picha ya mdogo wake iliyobandikwa kwenye leseni, picha ambayo kwa kweli haikuwa nzuri.

Tarehe 18 Februari 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa na chumba chake cha kazi mbele ya yadi ya malori, baada ya kumpelekea suruali ileile kushonwa mara nyingi mno, hadi siku moja fundi akamuuliza kama anaichana mwenyewe, naye akakiri hapohapo kwamba ndiyo, anaichana mwenyewe, na kwamba amechoka kuichana. Ndoa yao ilijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti ambaye sasa ni muuguzi, wa pili mvulana ambaye ni seremala, na wa tatu binti aliyefariki akiwa mchanga mwaka 1990, na tunamkumbuka naye leo.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wenu mnapajua, na wazee walitushauri tupapite juujuu, lakini mkewe amekataa, amesema mumewe hakupapita juujuu hata siku moja katika uhai wake. Asubuhi ya tarehe 22 Agosti 1986 marehemu na kaka yake walipeleka mzigo wa saruji upande wa pili wa reli, marehemu akiwa dereva, wakapita chini ya daraja fupi polepole, kaka akiwa ameshuka ili kuangalia juu, na ile fremu ya mabomba ya kufungia turubai ikapita ikiacha nafasi ya kiganja kimoja. Wakashusha saruji yote, wakala, wakacheka, wakaanza safari ya kurudi, na njiani wakamkuta mama mjamzito aliyekuwa akielekea hospitali kwa miguu, kaka akamwachia kiti chake, yeye akapanda nyuma kwenye bodi tupu, akasimama akiwa ameshika mabomba yale.

Lori ni lilelile, daraja ni lilelile, na marehemu alijisemea kwamba kama asubuhi wamepita, jioni watapita. Jambo ambalo hakuliwaza, na ambalo madereva wengi wazuri hawakuwa wakiliwaza, ni kwamba lori lenye mzigo hukalia springi zake likashuka, na lori tupu hunyanyuka, na kile kiganja kimoja cha asubuhi jioni hakikuwepo. Mabomba yaligonga boriti ya daraja, yakakunjika kuelekea nyuma, yakamwangukia kaka, naye akafa palepale kabla mdogo wake hajafungua mlango, na yule mama mjamzito, ambaye hakupata hata mkwaruzo, ndiye aliyemshika marehemu mkono hadi watu walipofika.

Mahakama iliona ni ajali, watu wakamwambia apige moyo konde, lakini yeye hakugusa tena usukani wa gari lolote, hata kulisogeza tu mita mbili uani. Mjane wa kaka yake, shemeji yake, aliyebaki na binti mmoja mdogo, alimwambia siku ya mazishi, mbele ya wazee, kwamba hana kisasi naye, ila njia ile hataipita tena na habari ile hataizungumza tena, na kweli alishika neno lake. Alimsalimia marehemu vizuri kila walipoonana, aliuliza habari za watoto, alijibu alichoulizwa, lakini jina la mumewe hakulitaja mbele yake, na daraja lile akalikimbia, kila alipotaka kwenda sokoni, hospitali au nyumbani kwa marehemu, akazunguka mbali kwenye kivuko cha geti, nyuma ya stesheni, kwa jua na kwa mvua. Marehemu alikuwa akimwona kwa mbali akizunguka, na mkewe anasema hicho ndicho kilichomla ndani kwa ndani miaka yote, wala hakutaka chochote duniani zaidi ya kusikia kwa kinywa cha shemeji kwamba yameisha.

Alianza kusimama pale darajani mwaka 1987, bila kutumwa na mtu, akiwa na mwanzi mrefu alioutia alama ya rangi nyekundu, akisimamisha kila lori na kumuuliza dereva kimo cha lori lake, na asiyejua kimo chake alipimwa, na aliyejua alipimwa vilevile. Madereva walimcheka, wakamwita Kimo, wengine wakamtolea maneno ambayo hayasomwi mbele ya jeneza, naye akawa anawajibu kwa upole kwamba watukane watakavyo, ila watukane wakiwa wamesimama. Tarehe 1 Machi 1988 uongozi wa reli ulimwajiri rasmi kuwa mlinzi wa daraja, na wapo wenzake hapa wanaosema aliajiriwa kwa sababu ilikuwa rahisi kumpa sare kuliko kumfukuza.

Minyororo mnayoiona leo ilifungwa mwezi Septemba 1991, yeye na rafiki yake fundi wa kuchomelea, ambaye amekaa pale mstari wa pili, wakitumia vyuma chakavu vya reli kutengeneza fremu ndefu iliyovuka barabara, mbali na daraja kiasi cha lori kuweza kufunga breki na kusimama, wakaning'iniza minyororo yenye vipande vya bomba, ili gari refu ligongwe kichwani na kitu chenye kelele kabla ya kugongwa na kitu chenye kuua. Fundi alitaka minyororo iwe sawasawa na kimo cha daraja, ndivyo ilivyoandikwa kwenye mchoro, lakini marehemu alikataa katakata, akataka iteremshwe kiganja kimoja zaidi, na fundi alipouliza kiganja hicho ni cha nini, marehemu alimjibu kwamba ni cha lori tupu, kisha akaondoka kidogo akasimama peke yake kwenye tuta la reli, na fundi akaikata kama alivyoambiwa, asiulize tena.

Kazi hiyo aliifanya kwa wivu. Barabara ilipomwagiwa lami mpya juu ya ile ya zamani, nafasi chini ya daraja ikapungua na kibao cha kimo kikabaki kusema uongo, alipanda ngazi akafuta tarakimu na kuandika nyingine bila ruhusa, akapewa onyo la maandishi, na tarakimu zake zikaachwa palepale kwa kuwa hakuna aliyetaka kupanda kuzifuta. Katika miaka yote hiyo daraja liligongwa mara mbili tu, na hakuna aliyepoteza maisha, lakini ile ya pili, dereva alipokuwa amefungulia redio mpaka mwisho asisikie minyororo, ilimlaza marehemu kitandani siku kadhaa kana kwamba aliyegonga ni yeye. Nyumbani nako hakuacha, alijenga mlango mrefu kupita kiasi, mkewe akawa anawaambia wageni kwamba mumewe anasubiri lori liingie sebuleni, na siku ya harusi ya binti yake mkubwa alichelewesha msafara akipima basi la kukodi, bwana harusi ameshika maua, jasho linamtiririka.

Mwaka 1993 shemeji yake alimleta binti yake aje akae kwa baba mdogo, kwa kuwa shule ya sekondari ilikuwa karibu, na marehemu akamsomesha hadi chuo, akamlea pamoja na wanawe bila kumtenga kwa sahani wala kwa viatu. Kila jioni alimvusha chini ya daraja kwenda kumsalimia mama yake, mkono kwa mkono, akimwambia asimame kwanza, asikilize, atazame juu, na walipofika nyumba ya mama yeye hakuingia, alisubiri nje kando ya ukuta, akipiga soga na majirani, hadi binti amalize kusalimia. Siku moja binti huyo alimuuliza kwa nini haingii, akasema anaogopa kumbebesha mama mzigo wa kumkaribisha, na binti huyo ndiye huyu anayewasomea.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017, ingawa kustaafu kwake kulikuwa kwa jina tu, maana alichukua kiti cha plastiki akakiweka kando ya fremu yake na kuendelea kukaa hapo, akamwachia kijana aliyeajiriwa kushika nafasi yake filimbi lakini si mwanzi. Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapimwa, akaonekana ana moyo uliopanuka, akawa anatibiwa akipata nafuu na kurudi tena, na tarehe 20 Oktoba mwaka 2024 hali ilibadilika akalazwa. Wodini aliwauliza madereva wa gari la wagonjwa kimo cha gari lao, akakiandika kwenye kiganja, na kwa wiki mbili kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa, kisha akauliza kama shemeji yake anajua kwamba amelazwa.

Shemeji alijua. Alikuwa amekwisha kuja mara mbili mpaka kwenye geti la hospitali na kurudi, miguu ikamgomea. Asubuhi ya tarehe 3 Novemba mke wa marehemu alimpigia simu kumwambia kwamba mgonjwa anamuulizia na pumzi zinahesabika, akasema anakuja, akavaa, akatoka, na pale njia panda, ambapo ukinyoosha unafika darajani na hospitali ni hapo ng'ambo tu, miguu ilimpeleka kwenye kivuko, kama ilivyozoea kwa miaka thelathini na minane. Geti la kivuko lilikuwa limefungwa, treni ya mizigo imesimama ikingoja ishara, mabehewa hayana mwisho, akasubiri pale na khanga yake mkononi akiwa hana pa kupita.

Wodini mkewe alisema shemeji amechelewa, apigiwe tena, na marehemu akasema kwa taabu kwamba asiharakishwe, atazunguka, wamwache azunguke. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Shemeji alipofika alimkuta ameshafumbwa macho na mkono wake ungali na joto, akaushika, akauweka shavuni, akamwambia yote aliyokuja kumwambia, na wauguzi waliokuwepo walitoka nje. Ameiagiza familia ilisome jambo hili mbele yenu wote, kwamba alimsamehe siku aliyompa binti yake amlee, kwamba alidhani kumpa mtoto ni kusema, na kwamba kila mwaka uliopita mdomo ulizidi kuwa mzito, hadi ukawa mzito kuliko yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani walioleta viti na kulala nasi, uongozi wa reli, fundi wa kuchomelea, kijana mlinzi ambaye leo asubuhi amekabidhiwa mwanzi, na madereva mlioegesha malori yenu kuanzia yadi hadi stesheni, mkazima injini, jambo ambalo marehemu angelifurahia na kisha angewapima mmoja mmoja. Tunamshukuru kipekee mama aliyekuja na mwanawe wa kiume, mtu mzima sasa, aliyekuwa bado tumboni siku ile ya mwaka 1986.

Msafara wa kwenda makaburini ulipangwa upite kivukoni, lakini shemeji yake marehemu, mama wa huyu anayewasomea, amekataa, amesema atakaa mbele karibu na dereva na gari lipite darajani, na kwamba wakifika pale chini dereva asimame kidogo, kwa sababu anataka kumzungumzia mumewe, shemeji yake akiwapo. Dereva ameshaulizwa kimo, Baba Mdogo, gari ni fupi, na minyororo yako haitalia. Pita taratibu, safari hii nafasi inatosha, ulale kwa amani.