Mzee Mugambi na Kiwanja Kilichoinama

Baada ya miaka ishirini na minane kazini, Mzee Mugambi anastaafu tarehe 31 Julai, na magoti ya wafanyakazi wote wa kituo chetu cha michezo hapa Great Barr, Birmingham, yamepokea habari hizo kwa shukrani. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi wa mapokezi kwa sababu nimeishi Eastleigh, Rotterdam na Birmingham, na makocha nimewaona wa kila aina. Kama huyu, bado.

Mzee alitoka Meru akaenda kusomea elimu ya viungo Minsk, enzi za Usovieti. Wenzake walirudi na kofia za manyoya. Yeye alirudi na hadithi za miaka ya elfu moja mia tisa na ishirini, wakati wafanyakazi wa viwandani walipojijengea viwanja kwa mikono yao, na washonaji wakasimamisha mashine ili wanyooshe migongo pamoja. Michezo ya umma, anaiita. Bingwa mmoja ana faida gani, husema, kama taifa zima linahema likipanda ngazi?

Kwa imani hiyo, alipofika Birmingham, akatuletea mazoezi ya Jumatatu asubuhi, wafanyakazi na majirani pamoja, hata wahasibu. Akaongeza Jumamosi za kujitolea, zilizojenga kiwanja cha voliboli nyuma ya jengo. Tulijitolea kwa hiari kabisa. Asiyejitolea alifuatwa mezani kwake na kuulizwa mbele ya wateja, "Mgongo unaendeleaje, ndugu?" Siku moja nilimwuliza kama kule Usovieti nako hiari ilikuwa ya namna hii. Akanijibu, "Wewe Mubarik, beba mchanga." Profesa wa historia hangenipa jibu kamili zaidi.

Kiwanja chenyewe kimeinama. Mzee alimkataa mpimaji, ati umma una macho. Umma wenyewe ulikuwa mimi na Davinder wa bwawa la kuogelea, na macho yetu yalikuwa na usingizi. Mpira ukianguka tu unakimbilia upande wa barabara kuu ya M6 kama uliochelewa kazini. Hata hivyo mazoezi ya Jumatatu yalihamia hapo, na watu walikipenda: wauguzi wa Kikenya wakitoka zamu, na Mama Kanta, mzaliwa wa Kisumu, mwenye nyonga ya chuma na sauti ya chuma vilevile.

Mwezi Mei mkurugenzi wetu, Fiona, alitangaza kwamba Mzee akiondoka, kiwanja kitageuzwa maegesho ya magari.

"Hawa wanakuja kwa kukuogopa, Mzee," alimwambia kikaoni. "Ukienda, nani atakuja?"

Mzee aliomba kitu kimoja tu badala ya zawadi ya kuagwa: Jumatatu moja bila yeye. Watu wakija, kiwanja kibaki. Wasipokuja, magari yaingie. Fiona akakubali.

Jumatatu hiyo ilinyesha ile mvua ya Birmingham isiyojua kuaga. Hakuna aliyempigia mwenzake simu. Davinder, aliyeapa kwamba siku hiyo atalala, alikuja amevaa koti la mvua la mwanawe. Wauguzi wakaja na sare zao. Majirani wakaja mpaka tukawa tunakanyagana. Fiona alikuja na mwavuli ili ahesabu watu. Mama Kanta akamnyang'anya mwavuli na kumsukuma mstari wa mbele.

"Hesabu baadaye, binti. Mikono juu."

Katikati ya zoezi Mzee akatokea, maana nyumbani Perry Barr hakukukalika. Akajipenyeza mstari wa nyuma kimyakimya.

"Wewe wa nyuma, umechelewa," Mama Kanta akasema. "Magoti juu."

Akainua. Hapo ndipo tulipogundua kwamba goti lake la kushoto halipandi hata kidogo. Miaka yote hiyo mwenzetu alikuwa akipuliza filimbi tu.

Kiwanja kinabaki. Asante, Mzee wetu, kwa migongo uliyoinyoosha na kwa majirani uliotujulisha. Upumzike kwa furaha na afya, wewe na nyumba yako. Jumatatu njoo mapema. Hilo goti tutalishughulikia sisi umma.

Mubarik Jama, Mapokezi