Ghati Nchagwa, Mchoraji wa Nchi ya Mbari

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Hiyo ni sauti ya kipande cha mkaa juu ya mlango wa mbao. Nyumba ina giza, jogoo bado hajawika. Mama anaisikia akiwa kitandani. Anadhani ni panya. Anamngoja panya achoke. Panya hachoki. Kwaru, kwaru, halafu anatulia kidogo kama mtu anayewaza, kisha kwaru tena.

"Panya gani huyu anakwaruza kwa mpangilio?" mama anauliza gizani.

"Si panya, mama. Ni mimi. Namalizia bawa."

"Bawa la nini?"

"La ng'ombe."

Mama anajigeuza kitandani, anajibu kwa kile Kiswahili chetu cha huku ambamo L huwa inajificha nyuma ya R: "Rara, Ghati. Ng'ombe hana bawa."

Wasikilizaji wapendwa, ndivyo anavyosimulia mama Eunice wa Nyanungu, wilayani Tarime. Panya huyo alikuwa binti yake, Ghati Nchagwa, wakati huo mtoto wa miaka minane. Jioni ya leo tunamkumbuka Ghati Nchagwa, mwandishi wa hadithi za ajabu na mchoraji wa vitabu vyake mwenyewe. Maneno yake, picha zake. Alitutoka mwezi uliopita huko Machochwe, wilaya ya Serengeti, baada ya kuugua mapafu. Ameacha mume, Zablon Werema. Ameacha binti mmoja, Esta, mwenye miaka tisa. Ameacha vitabu viwili mikononi mwa watoto wetu, na cha tatu ambacho kimekamilika chote isipokuwa ukurasa wa mwisho.

Ukurasa huo una picha. Hauna sentensi. Na kwa jinsi Ghati alivyofanya kazi yake, hakuna mtu mzima anayeweza kumwandikia. Twende taratibu, mtaelewa.

Turudi Nyanungu, kabla ya lile bawa la mlangoni. Kwao Ghati palikuwa na ng'ombe mmoja wa mabaka mekundu, na jina lake lilikuwa hilohilo, Mabaka. Ghati ndiye aliyempelekea majani. Ghati ndiye aliyemkuna shingo. Asubuhi moja zizi lilikutwa wazi, wezi wamepita, Mabaka hayupo. Wanaume walifuata nyayo mpaka jua likawa kali, wakarudi na vumbi tu. Ghati alilia hadi akakataa ugali.

Shuleni wakaambiwa waandike insha. Ghati akaandika: "Ng'ombe wetu Mabaka alichukuliwa, akaenda mbari." Alikusudia mbali, kule kusikoonekana. Mwalimu wa Kiswahili akasoma kwa sauti, akacheka. "Kumbe! Ng'ombe wenu ameenda mbari? Mbari ni ukoo, wewe. Basi ng'ombe wenu yuko salama, ameenda kwa ukoo wake!"

Darasa zima likacheka, hata wale walioandika vilevile. Ghati hakucheka. Alirudi nyumbani mbio, anahema.

"Mama! Mabaka hajapotea. Mwalimu amesema yuko kwa ukoo wake."

Mama Eunice anatuambia: "Nilitaka kumwambia ukweri. Nikamwona anaosha mikono, anasogea kwenye ugari. Ningesema nini mimi? Nikamkatia mnofu."

Wasikilizaji wapendwa, pale ndipo ilipozaliwa Nchi ya Mbari. Kosa la herufi moja. Kwa Ghati, mbali na ukoo yakawa neno moja, na neno likawa nchi, na nchi ikaota milima.

Mnaoijua mnajua ilivyo. Huko milima huinuka alfajiri, ikakunja mavazi yake ya nyasi, ikashuka mtoni kunywa maji. Nyumbu hawavuki mto mikono mitupu, kila mmoja amebeba wingu dogo mgongoni, na akifika ng'ambo analitua polepole lisimwagike. Tembo hubisha hodi kabla ya kuingia shambani, na wakiambiwa mahindi hayajakomaa huomba radhi, wakaenda zao. Ng'ombe wote waliowahi kuibiwa wako huko, wana mabawa laini kama ya popo, nao hulala juu ya miti. Na mgeni akifika Nchi ya Mbari, haulizwi "Unatoka wapi?" Anaulizwa, "Ulikawia wapi?"

Sasa tuseme habari ya kazi yake. Ghati aliolewa Machochwe, karibu kabisa na mpaka wa hifadhi. Zablon ni mkulima. Mchana Ghati alilima naye, jioni alichora. Hakununua rangi. Nyekundu aliitoa kwenye kichuguu, nyeupe kwenye majivu, nyeusi kwenye masizi ya sufuria, kijani kwenye majani ya maboga. Akazikoroga na uji mzito wa muhogo ili zishike karatasi. Brashi yake ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha, kama mswaki. Mtu akimkuta anatafuna, alidhani anapiga mswaki. Kumbe anaandaa mbingu.

Uji huo nao ulimletea visa. Siku moja aliacha picha juani ikauke. Jirani yake, mzee Waitara, akaja ameshika kofia mkononi.

"Ghati, nimekuja kuomba radhi. Mbuzi wangu amekura mrima wako."

"Wote?"

"Amebakiza mto."

Ghati akaangalia karatasi, akaangalia mbuzi. "Basi usimchinje, mzee. Sasa ana mlima tumboni, utakushinda kukata."

Lakini shikeni hili, maana ndilo kiini cha habari yetu. Ghati alichora kwanza. Maneno yalikuja baadaye, na hayakutoka kwake. Alimwita mtoto, akaiweka picha mbele yake, akauliza swali moja tu: "Hapa pana nini?" Alichosema mtoto, Ghati alikiandika jinsi kilivyo. Mwanzoni walikuwa watoto wa majirani. Esta alipoanza kuongea, ikawa ni yeye. Alikuwa na miaka minne alipowekewa ile picha ya mlima ulioinama mtoni. Baba yake alikuwa ameitazama, akasema ni mandhari nzuri. Esta akasema, "Mlima una kiu." Ghati akaandika: Mlima una kiu. Akafunga rangi zake, kazi ya siku imekwisha.

Alipokamilisha kitabu cha pili alikipeleka kwa wachapishaji jijini. Wakasoma, wakatabasamu. Hadithi ni nzuri, wakasema, ila picha zitafutiwe mchoraji aliyesomea, kwa sababu hawa ng'ombe hawakanyagi chini. Ghati akashukuru, akarudisha karatasi kwenye mfuko, akapanda basi.

Zablon alimpokea stendi. "Wamekataa?"

"Wamekubali maneno, wamekataa ng'ombe."

Zablon akacheka mpaka kondakta akageuka. "Mkurya bila ng'ombe! Sasa wewe unabaki na nini? Twende Tarime."

Tarime mjini yuko Hamim, mwenye mashine ya kuchapa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Wazee wake Hamim walitoka pwani, na Kiswahili kwake ni kama sahani ya udongo, haitaki kugongwa. Ndiye aliyechapa kitabu cha kwanza, Ghati akiwa amesimama pembeni ya mashine. Safari hii Ghati alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani. Alimwachia kazi, akaondoka. Aliporudi alikuta maboksi yamefungwa na Hamim anatabasamu.

"Dada, nimekusaidia. Kulikuwa na kosa mlangoni kabisa, kwenye jalada. Umeandika Mbari. Nimekurekebishia. Mbali."

Ghati akafungua boksi. Nchi ya Mbali. Nchi ya Mbali. Nchi ya Mbali. Akakaa chini juu ya boksi.

"Umenihamisha nchi, kaka Hamim."

"Sijakuelewa, dada."

"Huko ulikonipeleka sina ndugu."

Hamim akashika kichwa. Mkewe, Sabaha, aliyekuwa analeta chai, akasimama mlangoni na birika. "Mimi nilimwambia," akasema Sabaha. "Nilimwambia, huyu mama anajua anachokiandika. Akaniambia nenda kapike."

Kuchapa upya haikuwezekana. Ghati akaomba wino mweusi. Akavunja kijiti kwenye mti wa uani, akakitafuna ncha, akaanza. Kila jalada, kila l ndogo ya Mbali, akaiongezea pembe moja ndogo juu, imeinama kulia. Ile l yenye pembe ikawa r. Sabaha akavuta mkeka akae karibu, kazi yake kupuliza wino ukauke. Hamim naye akashika kijiti. Pembe zake zilitoka nene, kama za nyati. Za Ghati zilikuwa nyembamba, kama za ndama.

Hadi leo watoto wanabishana madarasani. "Changu ni cha ndama!" "Changu cha nyati, hebu kaa mbali!" Na wasomaji wa Nyanungu wanalisoma jina la nchi ile bila kujikwaa. Ndiyo namna yao ya kutamka, na mara hii imeandikwa kwenye kitabu.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka huu Ghati aliugua. Kifua kilibana, pumzi ikawa fupi. Alichora akiwa amelala ubavu, Zablon akimshikia ubao. Picha ya mwisho ya kitabu cha tatu aliimaliza asubuhi moja, Esta akiwa anavaa sare. Ghati akamwambia, "Nenda shule, mwanangu. Ukirudi nitakuuliza."

Esta aliporudi, watu walikuwa wamejaa uani.

Hakuulizwa. Tangu siku ile Esta anapita kando ya meza yenye picha ile kama mtu anayepita kando ya moto. Hatazami. Hamim amepanga kurasa zote, ule wa mwisho ameuacha mtupu chini ya picha. Tulimwuliza kwa nini asiandike chochote, hata neno Mwisho. Akatujibu, "Siweki herufi yangu hapo. Mashine itasubiri. Na mtoto akikataa, kitabu kitakaa hivyo hivyo hakijafungwa."

Juma lililopita tulifika Machochwe, tukaketi na familia. Picha iko hivi: ni jioni katika Nchi ya Mbari. Mwanga ni mwekundu wa kichuguu. Milima imerudi kutoka mtoni, imeketi. Mbele kuna jiwe, na juu ya jiwe amekaa mwanamke mdogo, ameinama sana, mikono yake iko miguuni. Uso hauonekani.

Mama Eunice aliitazama akasema, "Anaomba Mungu." Mzee Waitara akasema, "Mwiba umemchoma." Zablon aliisogelea picha. Akasema polepole, "Mimi naona analia." Akatoka nje kidogo, akarudi.

Esta alikuwa mlangoni, amebeba vikombe vya kuosha. Akavitua. Tulikuwa tumewasha mashine ya kurekodi, na tulimwomba Zablon ruhusa ya kuwaletea mtakachosikia. Tutaiweka sauti hiyo mwisho kabisa. Baada yake hatutaongeza neno.

Kwanza, kwa niaba ya wote wanaotusikiliza, tunakupa pole, baba Esta. Pole sana, mama Eunice; shikamoo, mama, na Mungu akutie nguvu kwa mzigo huu wa kuzika uliyemzaa. Pole kwa majirani wa Machochwe na ndugu wa Nyanungu. Pole Hamim na Sabaha. Na pole kwako wewe mtoto uliyekuwa unangoja kitabu cha tatu.

Na sisi wazazi tuliobaki, tujiulize. Mtoto anapoandika au kusema jambo lisilofanana na letu, tunakimbilia kusahihisha? Au tunakaa naye chini kwanza, tukaona anatazama nini? Leo, kabla hajalala, mwekee picha yoyote, hata ya pakiti ya sabuni. Muulize pana nini hapo. Kisha unyamaze, msikilize.

Sasa ni Machochwe, jioni ile. Mtasikia vikombe vinatuliwa. Mtasikia hatua za miguu mitupu zikikaribia meza, halafu kimya kirefu. Msibadilishe stesheni, redio yenu haijaharibika. Mtasikia Zablon akisafisha koo, akitafuta swali la mke wake, akilipata: "Esta. Hapa pana nini?" Kisha mtamsikia Esta.

"Anavua viatu kwa sababu amefika."