Marehemu Wilondja Valentin, Monita wa Bustani Iliyonyweshwa Maji ya Kuoga

Papa Wilondja Valentin, ambaye kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ilimwita Monita, alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 huko Mboko, wilaya ya Fizi, nchini Kongo. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Wilondja Étienne na marehemu Marguerite. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa siku ya kupanda karanga, na kwamba kilio chake cha kwanza kilikuwa cha mtu aliyeona mistari haikunyooka.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1948 hadi 1954, kisha akaingia shule ya kilimo mjini Uvira, alikopata cheti chake Juni 1959. Januari iliyofuata alianza kazi ya monita wa kilimo, yaani mtu wa kuzunguka katika mashamba ya wanavijiji na kuwaonyesha namna ya kupanda. Uasi wa mwaka 1964 ulimkatizia kazi hiyo kwa miaka minne. Aliporudi aliendelea pale pale alipoishia, hata akamkumbusha mzee mmoja kosa la mihogo alilolifanya kabla ya vita. Kanuni yake ilikuwa moja: mvua ya kwanza, mbegu ya kwanza. Huko kwao kanuni hiyo haikumwaibisha hata siku moja.

Tarehe 20 Desemba 1969 alifunga ndoa na Mama Charlotte, binti wa Uvira. Alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, alimwambia baba mkwe, kabla hata ya kuketi, kwamba mihogo yake imebanana. Mzee alimgeukia binti yake.

"Njo huyu?"

"Njo huyu, papa," alijibu Mama Charlotte. "Iko na mdomo, lakini haibi."

Mungu aliwajalia watoto wanne. Vita vya mwaka 1996 viliwatoa Mboko, wakarudi. Vita vya Agosti 1998 viliwatoa tena, nao hawakurudi. Walipitia Kigoma na Mbeya. Binti yao Régine alizikwa Mbeya tarehe 30 Januari 1999. Marehemu hakupenda lisemwe zaidi ya hilo, na hapa halitasemwa zaidi. Familia iliandikishwa Dzaleka tarehe 22 Februari mwaka huohuo.

Kwa miezi sita Marehemu hakuwa na kazi, na ukosefu huo ulimchosha kuliko safari. Mama Charlotte alishona nguo. Yeye aliketi mlangoni akiwasahihisha wapita njia waliobeba jembe vibaya. Hakuna aliyemwuliza neno, wala aliyemwita Monita. Alianza kuchelewa kuamka, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona tangu wafunge ndoa, na mama huyo akaanza kuogopa.

Mapema Septemba 1999, wanafunzi wa shule ya msingi ya hapa walitaka kuanzisha chama cha bustani, wakaambiwa kwanza watafute mtu mzima wa kuwasimamia. Mwenyekiti wao, Fidès Nizigama, msichana wa Burundi aliyekuwa darasa la saba, alikuja hadi mlangoni.

"Papa, bantu banasema we ulikuwa monita. Ni kweli, ao ni maneno tu?"

Marehemu alisimama. Aliingia ndani, akavaa viatu.

Mwalimu mkuu, ambaye tunamshukuru kwa kuwa nasi leo na ambaye anatafsiriwa haya neno kwa neno, aliwaonyesha kipande cha ardhi nyuma ya vyoo. Alieleza masharti yake kwa Kichewa, na Fidès akayatafsiri bila kuyapaka sukari.

"Anasema anakupa wewe, hapana chama, sababu vyama vya batoto vinakufaka wakati wa likizo. Siku ya kufunga shule akikuta majani ya kijani, utaendelea. Akikuta vumbi, ataweka uwanja wa netiboli. Na siku we hautakuwapo, ataweka uwanja wa netiboli."

"Muulize kama anapenda mboga."

Fidès aliuliza. "Anasema anapenda netiboli."

Shule ilikuwa ifungwe Ijumaa, tarehe 26 Novemba. Marehemu alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepewa mkoa wa kutawala. Kesho yake aliamka kabla ya jogoo wa jirani, na wanachama walijifunza kwamba tuta likipinda hubomolewa, hata kama aliyelitengeneza analia. Mmoja alilia. Tuta lilibomolewa.

Alasiri ya tarehe 12 Oktoba ilinyesha mvua. Marehemu aliinuka kwenye kiti, akaomba mbegu zote. Mama Charlotte, aliyekuwa amesikia habari kwenye pampu ya maji kutoka kwa wanawake wenyeji, alijaribu kumzuia.

"Papa Junior, bamama ba hapa banasema hii mvua ni ya kuzima majivu ya majani ile ilichomwa. Ya kweli inakuyaka mwezi wa kumi na mbili."

"Mama Junior, mvua haina karte ya ukimbizi. Ikinyesha, imenyesha."

Mbegu za lengalenga, yaani mchicha, na za kabichi na nyanya zilipandwa zote, wala haikubaki hata mbegu ya akiba. Ziliota haraka, na kwa siku chache Marehemu alipita mbele ya wanawake wa pampuni akiwasalimu mmoja mmoja, polepole, kwa jina. Kisha jua la wilaya hii ya Dowa likafungua macho. Mvua haikurudi. Miche ilianza kuinamisha vichwa, naye pia.

Hakukubali kwamba amekosea. Alisema mvua imechelewa, na kwamba kazi ya chama ni kuishika miche mkono hadi itakapofika. Aliongoza wanafunzi wake pampuni wakiwa na mabeseni. Mama Goreth, aliyesimamia foleni ya maji, aliwatazama kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

"Monita, haya maji ni ya bantu. Lengalenga ikisikia kiu, ilete ndoo yake, ipange mstari kama sisi."

Foleni nzima ilicheka. Marehemu aliondoka na mabeseni yake matupu, akakaa mlangoni, mahali pale pale alipokuwa ameketi miezi sita. Mama Charlotte alimwona, akaelewa kwamba nyuma ya vyoo palikuwa panakauka kitu kikubwa kuliko kabichi. Alimaliza kumwogesha mjukuu, akainua beseni ili amwage maji uani.

"Usimwage!" alipaza sauti Marehemu, akasimama.

Hivyo ndivyo utaratibu ulivyoanza. Kila mwanachama aligawiwa safu yake ya nyumba, akawa anapita jioni na ndoo kuomba maji yaliyokwisha kuogewa. Maji ya kufulia yalikataliwa baada ya tuta moja la nyanya kugeuka rangi kwa sababu ya sabuni. Marehemu, aliyependa adabu, aliwafundisha maneno ya kusema: "Hodi. Chama cha Bustani kinawasalimu, na kinaomba kujua kama katika nyumba hii kuna maji yaliyomaliza kazi." Watoto waliyashika maneno hayo kwa jioni mbili. Ya tatu walikwisha kuyafupisha. Walisimama mlangoni na kuuliza: "Umeoga?"

Si rahisi kueleza jinsi swali hilo lilivyoitikisa Dzaleka. Watu wenye heshima zao waliulizwa mbele ya wageni. Mchungaji Ndikuriyo aliulizwa akiwa katikati ya kupatanisha mume na mke.

"Kesho, mwanangu," alisema mchungaji.

"Pasta, kabichi haijue kesho," alijibu Fidès, asiondoke.

Mume na mke walicheka pamoja, na inasemekana upatanisho ulikamilika hapo hapo. Jumapili mchungaji alihubiri juu ya usafi wa moyo, akatamka mara mbili kwamba Mungu hautazami mwili. Lakini kuanzia Jumatatu ndoo yake ilikuwa mlangoni mapema kuliko zote. Bwana Audace, fundi viatu, kapera aliyejulikana kwa kuyaogopa maji baridi, alianza kuoga asubuhi na jioni ili asipatwe na aibu. Alioa mwaka uliofuata. Mkewe yupo hapa, na ameomba shukrani zake kwa chama zisomwe. Zimesomwa.

Hata Mama Goreth alishindwa. Jioni moja alimwita Marehemu kutoka mbali, akamwonyesha beseni.

"Chukua, Monita. Lakini uambie lengalenga yako isizoee."

Ijumaa, tarehe 26 Novemba, mwalimu mkuu alikuja kukagua, akifuatana na wazazi. Kutoka Dzaleka hadi barabara ya mji wa Mponela hapakuwa na jani bichi. Kila kitu kilikuwa na rangi ya udongo. Nyuma ya vyoo matuta yalikuwa ya kijani, yamenyooka, na yananukia sabuni kwa mbali. Lengalenga ilifika magotini. Kabichi zilikuwa bado hazijaamua kuwa kabichi, lakini zilikuwa hai. Mwalimu mkuu alimpa Marehemu mkono, akawaambia wazazi kwamba huyu ni mtaalamu aliyejua kuitumia mvua ya Oktoba, ambayo wenyeji wenyewe huiacha ipite.

Fidès alitafsiri. Marehemu angeweza kushukuru na kukaa, na heshima yake ingebaki bila mkunjo. Alimtazama mkewe, naye mkewe alikuwa akitazama juu, kama mtu anayehesabu mawingu yasiyokuwapo. Marehemu akavua kofia.

"Mwalimu, mvua ilinidanganya. Mi nilikosea, na bibi yangu aliniambia mbele. Hii unaona hapa hapana mvua. Ni uchafu ya bantu bote hawa." Aliwanyoshea mkono wazazi. "Nashukuru bale bote balioga. Na bale hawakuoga, tunabajua pia."

Fidès alitafsiri na hayo, na kicheko kilisikika hadi kituo cha afya. Kwa bahati mbaya wanachama walikuwa wamekwisha kumpakulia mwalimu mkuu nsima, yaani ugali wa hapa, na lengalenga ya bustani ile ile. Aliitazama sahani, akaomba maji, akanawa mikono mara ya pili, akala yote. "Zikomo," alishukuru, na akaongeza kwamba Monita ataendelea. Usiku ule Mama Charlotte alimwuliza mumewe kama sasa amekubali kwamba alikosea. Akajibu: "Nilikosea mapema. Ningekosea baadaye, tungekuwa na netiboli."

Kuanzia hapo bustani haikukauka tena. Mwaka 2001 ilianza kuuza mboga Mponela, na kutokana na mauzo hayo Marehemu alikwenda Lilongwe kila msimu kununua mbegu katika soko la Area 36. Mwuza mbegu mmoja wa huko alizoea kujificha akimwona, kwa kuwa Marehemu aliziuliza mbegu maswali kabla ya kuzilipia.

Februari 2003 alianza kuvimba miguu, na tarehe 19 Mei alilazwa hospitali jijini Lilongwe kwa ugonjwa wa moyo. Wauguzi walimtunza vizuri, naye aliwashukuru kwa kuwajulisha kwamba maua ya chini ya dirisha yamebanana. Lakini jambo moja lilimnyima usingizi. Neno la mwaka 1999 lilikuwa halijafutwa: bustani alipewa yeye, hapana chama. Mchungaji Ndikuriyo alipokwenda kumwombea, tarehe 4 Juni, Marehemu alimruhusu aombe, kisha akauliza habari za mazishi yake.

"Mwalimu mkuu atasema saa ngapi?"

"Mwanzoni, Papa. Ni mgeni wa heshima."

"Hapana. Basome kwanza maisha yangu, na bustani isomwe yote. Kisha njo yeye aseme."

"Kwa nini, Papa?"

"Mutu haweze kunyanganya batoto bustani wakati sanduku yangu iko inamuangalia."

Papa Wilondja Valentin alifariki Jumapili, tarehe 8 Juni 2003, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Charlotte; watoto watatu, Junior, Arlène na Nadège; wajukuu watano; na dada yake Odette, anayeishi Nsungwi. Ameacha pia Chama cha Bustani, chenye wanafunzi thelathini na mmoja, ambao hadi sasa Fidès ndiye kiongozi wao. Waliomba waandikwe miongoni mwa wafiwa, na familia iliona ni haki yao. Ndio wale waliosimama upande wa kulia wa kaburi, kwa mistari iliyonyooka.

Apumzike kwa amani Monita wetu, ambaye amefanya aliyoweza. Yaliyobaki hayamo mikononi mwake tena. Mwalimu mkuu, kwa heshima zote, karibu.