Arlys Tveit, Mwanamke Aliyesahau Divai Jikoni

Ijumaa tarehe 30 Mei, saa kumi na nusu jioni, Arlys Tveit atafunga droo ya meza ya mapokezi hapa Birch Point, atavaa koti lake, maana Duluth, huku kaskazini kwenye baridi, mwezi wa Mei bado ni koti, na ataondoka akiwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia nyumba hii ya kutibu ulevi miaka thelathini na mitatu na miezi minane. Katika muda huo wakurugenzi sita wamekuja na kuondoka, paa limeezekwa upya mara mbili, na watu elfu saba na ushee wamekaa kwenye kiti kilicho mbele ya meza yake wakamdanganya.

Mimi, Verlyn Kivisto, mshauri mkuu, nimeombwa niandike maneno machache ya kumuaga, na nadhani nimeombwa kwa sababu mimi ni mmoja wa hao elfu saba. Kwa wageni watakaosoma jarida hili siku ya sherehe, niseme mapema kwamba hapa kwetu neno mlevi si tusi. Washauri wote tunajiita hivyo, hata yule ambaye hajaonja tone kwa miaka thelathini. Tulikuja kama wagonjwa, tukaacha kunywa, tukabaki kufanya kazi. Arlys peke yake ndiye aliyeingia kwa mlango wa mbele akiwa na barua ya kuomba ajira.

Kazi yake ilikuwa kumpokea mgeni na kumuuliza maswali sitini. Majibu ya siku ya kwanza aliyaandika kwa penseli. Siku ya ishirini na nane, mtu akiwa anaondoka, aliuliza tena yale yale na kuandika kwa kalamu ya wino. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Wakurugenzi wawili walijaribu kumkataza, na wote wawili wameshaondoka.

Mimi niliketi kwenye kiti hicho Februari 1995. Aliniuliza nakunywa kiasi gani. Nikamwambia bia mbili, tena sikukuu tu. Aliandika "bia mbili" kwa penseli bila kuinua uso, halafu akaniuliza kwa upole, "Na hicho kiatu cha kulia, ni cha nani?" Nikatazama chini. Kilikuwa cha shemeji yangu. Mpaka leo sijui kilinifikiaje, na shemeji naye hajasahau.

Sasa nisimulie kosa letu, maana bila hilo hamtamwelewa. Sisi walevi tuna imani moja, kwamba tunamtambua mlevi mwenzetu akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara. Na tulipomwona Arlys anavyotuelewa, anavyojua uongo wetu kabla haujatoka mdomoni, tuliamua kuwa naye ni mwenzetu, ila hajakubali. Tukamsubiri. Tulimwachia vijitabu vya kuacha pombe mezani. Alipotimiza miaka mitano kazini tukamwokea keki kubwa, tukaimba, wengine wakalia, tukingoja asimame akiri. Alisimama kweli. Akashukuru sana kwa keki, akasema hakujua kama mapokezi yanathaminiwa kiasi hicho, akala vipande viwili.

Ukweli ulijulikana Jumatatu moja baada ya Pasaka, mwaka 1999, kwenye kikao cha asubuhi. Arlys alisema kwa kupita tu kwamba amemwaga nusu chupa ya divai. Alikuwa ameifungua Krismasi, akaisahau jikoni nyuma ya kopo la unga, ikachacha.

Delphine Beaulieu, mshauri mwenzangu ambaye huwa haishiwi maneno, aliweka kikombe chake chini.

"Uliisahau vipi?" akauliza.

"Nilisahau tu."

"Krismasi mpaka Pasaka?"

"Delphine, mama, ni divai. Husahau chumvi wewe?"

Habari ilizunguka nyumba yote kabla ya chakula cha mchana. Wagonjwa walikuja mapokezi mmoja mmoja wakijidai wanatafuta stempu, kumbe wamekuja kumtazama. Mzee mmoja mvuvi alimshika mkono akamwambia, "Nimeishi miaka sabini na moja, sijapata kumwona mtu wa namna yako." Mnacheka, lakini mimi niliona vilevile, na sijaacha kustaajabu hadi leo. Kuna watu hapa duniani ambao pombe iko jikoni mwao, nao wamelala.

Naye alitustaajabia sisi. Alikuwa akisema hajui angewezaje kuamka kila siku akabeba tunachobeba, halafu bado akafanya mzaha. Alikuja akiwa ameambiwa na wataalamu kwamba walevi wana tabia yao, wana haya kupita kiasi au hasira kupita kiasi, waongo, wakarimu, wapweke. Alizitafuta tabia hizo kwa miaka yote hii. Aliniambia amempokea mchungaji na mwizi, mpole na mgomvi, bahili na mtu aliyegawa mpaka koti lake, na kwamba kanisani kwake anawaona watu wa aina zile zile wakiimba kwaya. Tofauti aliyoiona yeye ilikuwa ndogo mno kuielezea, hivyo hakuwahi kuieleza. Aliionyesha mara moja tu, na ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa Aprili 2006. Mahakama ilikuwa imetuletea Wendell Aho, dereva wa treni za madini, mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Polisi walimsimamisha akiendesha gari kutoka harusi ya binamu yake, akiwa amelewa. Hakimu alitaka akae kwetu siku ishirini na nane, kisha tuandike barua. Tukiandika kwamba ni mlevi, hatagusa treni tena maisha yake yote. Tukiandika kwamba si mlevi, ataadhibiwa kwa kosa la usiku ule na kurudi kazini.

Na hapa nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi huo mimi nilikuwa na mpango wangu. Binti yangu Britta alikuwa anaolewa Juni, na nilikuwa nimeamua kunywa glasi moja ya shampeni, moja tu, wakati wa kumtakia heri. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu niache. Nilijiambia kwamba nimeshakuwa kama Arlys. Kila asubuhi niliamka na wazo hilo, nikalifurahia, nikaenda kazini kuwashauri wengine.

Wendell alikuwa mtu wa kimya. Ukimuuliza kuhusu pombe anasema, "Huwa sinywi sana," anaishia hapo. Sasa hiyo ndiyo sentensi ya mlevi. Sote tuliwahi kuisema. Alhamisi ya siku yake ya ishirini na sita tulikutana washauri wanne, na wote wanne tukasema ni mwenzetu, anakataa kama tulivyokataa sisi. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Barua ilikuwa imeshaandikwa, imebaki sahihi yangu.

Arlys aliingia na faili na birika la kahawa. Akaviweka mezani, hakuondoka.

"Huyu si mlevi," alisema.

"Arlys, mama yangu," nikamwambia, "kwa heshima zote, wewe ni wa mapokezi."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyempokea." Akafungua faili. "Nilimuuliza usiku ule alikunywa ngapi. Nyinyi mnajibu 'mbili' kabla sijamaliza swali. Huyu alifikiri, akahesabu vidole, akasema tano, labda sita, akasema angemuuliza mkewe. Tangu lini mlevi akaongeza?"

"Anaweza kuwa mjanja," nilisema.

"Anaweza. Basi nipeni dakika kumi."

Akatugawia karatasi kila mmoja. Alitaka tuandike, ule mwaka wetu wa mwisho wa kunywa, pombe ndani ya nyumba ilikuwa wapi na chupa zilibaki na kiasi gani. Tukainama tukaandika kama watoto wa shule kwenye mtihani waliousomea. Delphine aliandika chupa mbili ndani ya piano, moja imebaki vidole vitatu, nyingine imepasuka mdomo. Mimi niliandika mkono wa koti la theluji, tangi la choo, na ndoo ya kuvulia samaki kwenye barafu, chini ya chambo, robo kamili, lebo imetazama ukutani. Nilikuwa sijaiona ndoo ile kwa miaka kumi na moja. Wenzetu wawili waliomba karatasi ya pili.

Arlys alizisoma zote, akamwita Wendell.

"Bwana Wendell, nyumbani kwako kuna pombe?"

Wendell alifikiri. "Sidhani. Ngoja kwanza. Kuna brandi, watu waliileta kwenye msiba wa baba."

"Iko wapi?"

"Labda juu ya friji. Au Kaisa aliitia kwenye keki, sijui."

"Imebaki kiasi gani?"

Wendell alimtazama kama mtu aliyeulizwa paa la nyumba yake lina misumari mingapi. Hakuwa anaficha. Alikuwa anatuonea huruma, akidhani tumechoka.

"Nitajuaje?" akasema.

Arlys akavuta simu, akampigia Kaisa, mke wa Wendell, akaiweka sauti kubwa ili sote tusikie. Kaisa alitafuta juu ya friji, hakuna. Akatafuta chini ya sinki, hakuna. Tulimsikia akienda gereji, akisogeza vitu na kulalamika kuhusu vumbi. Baada ya muda akarudi kwenye simu.

"Nimeipata. Ilikuwa nyuma ya makopo ya rangi."

"Imebaki kiasi gani, dada?"

"Imejaa karibu yote. Imepungua kidogo tu. Mnaitaka?"

"Hapana," Arlys akajibu, "asante."

"Baba yako alifariki lini?" Delphine akamuuliza Wendell kwa sauti ndogo.

"Mwaka tisini na saba."

Miaka tisa. Delphine alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilimtazama yule dereva wa treni, mtu wa kawaida kabisa, shati la miraba, mikono mikubwa, na nikahisi mwili unanisisimka. Nimesimama kando ya Ziwa Superior dhoruba ya Novemba ikipiga ukuta wa bandari, sikupata hisia kama ile.

Arlys alikusanya vikombe. Alisema Wendell alikosea kuendesha gari usiku ule na aadhibiwe kwa hilo, ila tusimpe ugonjwa asio nao. Kisha akarudi mapokezi, kulikuwa na mgeni anasubiri. Nilichana barua, nikaandika nyingine, nikatia sahihi. Wendell aliendesha treni miaka kumi na minne zaidi, akastaafu salama.

Kuna mengine mengi ambayo mtu mwenye mpangilio angeyaandika. Aliandika mwongozo wa mapokezi ambao sasa unatumika katika nyumba tatu za jimbo hili. Alizika wagonjwa wetu kumi na wanane ambao hawakuwa na ndugu, akahudhuria kila mazishi na kuleta lile bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga. Kwa miaka thelathini na mitatu hakumwita mtu mwongo. Mumewe, Norman, atatueleza mwenyewe siku ya sherehe jinsi anavyoogopa kukaa naye nyumbani kutwa, maana majibu yake yote sasa yataandikwa kwa penseli.

Lakini mimi nina deni la kusema jambo moja, na Arlys atalisoma hapa kwa mara ya kwanza, pamoja nanyi nyote.

Alhamisi ile, baada ya wote kutoka, nilibaki peke yangu chumbani na lile swali la Wendell. Nitajuaje. Nikajiuliza mimi najua nini. Nikakuta kwamba najua shampeni ya harusi ya Britta ni ya aina gani. Najua kila meza ingekaa watu wanane na kupewa chupa mbili, na kwamba meza ziko kumi na tano. Najua meza ya shangazi zake, wote wazee, ingebakiza chupa moja na nusu. Najua meza hiyo iko karibu na mlango wa jiko, na mlango huo unafungukia nje. Hakuna aliyeniambia nikayachunguze hayo. Nilikuwa nimeshazihesabu chupa za harusi ambayo ilikuwa bado miezi miwili.

Niliogopa, na sioni haya kusema. Nilimpigia Britta mchana ule ule nikamweleza mpango wangu wote. Akasema, "Baba, shampeni hiyo tunaifuta." Nikamwambia asiifute, wageni wanywe, mimi anipe maji ya tufaha na anikalishe mbali na shangazi. Ndivyo tulivyofanya. Nilimtakia heri nikiwa na glasi ya maji ya tufaha, na kila neno nililosema siku ile ninalikumbuka.

Mwaka huu nimetimiza miaka thelathini bila pombe. Britta ana watoto wawili, wa kike miaka kumi na sita, wa kiume kumi na mitatu. Hawajawahi kuniona nimelewa. Hawajui hata mlio wa ufunguo wangu mlangoni nikiwa nimelewa, mlio ambao mama yao alikuwa akiusikia utotoni akiwa kitandani, akaujua.

Arlys, wewe ulidhani siku ile unamtetea mtu mmoja. Asante kwa wote wawili. Kwa niaba ya Birch Point yote, wafanyakazi na wagonjwa, pumzika vizuri, afya iwe yako na ya Norman, na siku zako ziwe nyingi na za amani. Wajukuu wangu watakuwapo Ijumaa. Wameomba wakushike mkono.