Mashine Namba Nne Inauliza Umelala Saa Ngapi

Mgeni rasmi,

"Hivi huyo binti yako, kazi yake hasa ni nini?"

Swali hilo aliliuliza jirani yetu mshonaji, pini zikiwa mdomoni, siku alipokuwa anampima gauni mwenzetu mmoja. Mwenzetu akajibu kwamba binti anafanya kazi za kompyuta. Mshonaji akatoa pini mdomoni.

"Anaziuza?"

"Haziuzi."

"Anazitengeneza zikiharibika?"

"Hapana, hata hilo silo."

"Sasa dada yangu, anazifanya nini?"

Mwenzetu akainua mkono apimwe kwapa, akatazama ukuta. Mshonaji akacheka. "Makubwa haya! Umemzaa mwenyewe, na hujui akiamka anakwenda kufanya nini?" Hakuwa na ubaya, ni mdomo wake ndivyo ulivyo. Leo yuko hapa mstari wa mbele, amevaa kutushinda sote. Lakini mwenzetu aliondoka pale na gauni halijamalizwa kupimwa, na ndiyo maana hadi leo bega moja limepanda.

Mgeni rasmi, tumeanza na swali hilo kwa sababu ndilo lililozaa darasa hili. Na binti aliyeulizwa habari zake ni wewe.

UKARIBISHO

Kwa niaba ya wanakikundi wote, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekulinda njiani ukafika. Tunakupokea kama mtaalamu mkubwa wa programu, na tunakupokea pia kama mtoto wa mtaa huu. Wapo humu waliokupakata. Yupo mama wa genge aliyekukimbiza na ufagio, maana uliifungua mizani yake ukitaka kujua inajuaje uzito. Anasema amekusamehe, ila mizani haikupona.

Tunakuomba radhi kwa viti. Chumba hiki ni ghala la zamani la shule ya chekechea, na viti ni vya chekechea. Sisi tumeshazoea kusoma magoti yakiwa karibu na kidevu. Wewe tumekuwekea kiti cha mwalimu mkuu.

Mwenzetu tuliyemtaja ametuomba tusimtaje jina, nasi tutaheshimu. Rasimu ya risala hii aliisoma, akakata mistari miwili, mingine akaiacha. Ukigeuza shingo utamwona amekaa wapi, lakini tunakuomba usigeuke kwanza. Akitazamwa sana atatoka, na bado tuna mengi ya kusoma.

TULIKOTOKA

Baada ya siku ile ya gauni, mwenzetu alikupigia simu. Alitaka umweleze kazi yako ili naye apate la kujibu. Ulikuwa unaingia kwenye kikao. Ukamwambia, kwa upole tu, "Mama, ni mambo marefu, hutaelewa. Nitakueleza nikipata nafasi." Kisha ukamuuliza kama dawa za presha bado zipo, akasema zipo, ukakata.

Hatukulaumu, mgeni rasmi. Unamhudumia, hapungukiwi kitu, kila mtu hapa ni shahidi. Lakini yeye alibaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya wewe kukata, kama mtu anayesikiliza ndani ya mtungi. Tangu marehemu baba yako alipotangulia mbele ya haki, nyumba ile haina maongezi. Redio inaongea, lakini redio haimsubiri mtu ajibu.

Wakati huo mwalimu wetu, kijana tunayemwita Taratibu kwa kuwa hana neno jingine, alikuwa amepewa mashine nne kuukuu na ofisi iliyohama. Alibandika tangazo mlangoni: atafundisha kuandika programu ndogo, wenye umri wowote waje. Mwenzetu alikuwa wa kwanza kufika. Elimu yake ni ya msingi, na miwani yake ina mguu mmoja wa waya. Taratibu akamuuliza, "Mama, unataka kujifunza kompyuta ya kuandikia barua?"

"Hapana, mwanangu. Nataka ile ambayo sitaielewa."

Siku iliyofuata mshonaji naye akaja, akisema amekuja kumchunga mwenzake asije akapigwa shoti. Baadaye wakaja wengine, hadi tukawa hawa unaotuona.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, kwako haya yatakuwa mambo ya kitoto. Tunakuomba uyasikilize kama mtu anavyomsikiliza mtoto akisoma kwa mara ya kwanza.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuifanya mashine iulize jina la mtu, kisha imkaribishe. Mwenzetu alipomaliza, mashine ikamwandikia neno "Karibu" pamoja na jina lake, lile la utotoni alilopewa na bibi yake. Akaifuta, akaiandikisha tena. Akaifuta, tena. Mama wa genge akamwambia, "Shoga, ameshakukaribisha, ingia basi ukae!"

Zoezi la pili lilikuwa kuomba namba mbili na kuzijumlisha. Tukaweka mbili, tukaweka tatu, mashine ikajibu ishirini na tatu. Mama wa genge akasimama. "Nyie, hii mashine nikiiweka gengeni sitafika jioni!" Taratibu akatueleza kwamba mashine hupokea kila kitu kama maandishi, ikayapanga mbili na tatu bega kwa bega. Mpaka uiambie kwa amri kwamba hii ni namba, ndipo itajumlisha. Tukaiambia. Ikaleta tano, nasi tukapiga vigelegele hadi walimu wa chekechea wakaja kuchungulia.

Leo mshonaji anayo programu yake. Inauliza idadi ya watoto, inauliza mita za kitambaa kwa sare moja, inazidisha, naye hakosei tena dukani. Mama wa genge ana ya kugawa trei za mayai. Kila mmoja ana yake.

Ya mwenzetu iko mashine namba nne. Taratibu alisema kila mtu afikirie kitu anachopenda kukijua, kisha aandike maswali mawili na hesabu moja. Mwenzetu hakufikiri sana. Aliandika hivi: Mwanangu, umelala saa ngapi? Mwanangu, umeamka saa ngapi? Mashine itoe saa ya kulala kwenye saa ya kuamka, iseme mtu amelala muda gani.

Akaijaribu kwanza kwa usingizi wake mwenyewe. Yeye hulala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya sala. Mashine ikasema saa nane. Akafurahi. Kisha akaijaribu kwa usingizi wako.

Hapa tunaomba usituelewe vibaya, si upelelezi, ni mama. Akiamka kusali hukuombea, na akimaliza huangalia simu, pale panapoonyesha mtu alionekana mwisho saa ngapi. Asubuhi hukutumia salamu, na ukijibu anajua umeamka. Siku hiyo ulikuwa umeonekana saa nane usiku, na ulijibu saa moja asubuhi. Akaweka nane. Akaweka moja. Mashine ikamwandikia kwamba mwanawe amelala saa saba, na mbele ya hiyo saba pana kistari cha kutoa.

"Kile kistari ni nini?" akauliza.

Taratibu akasema, "Ni pungufu ya sifuri, mama."

Mshonaji akaangua kicheko. "Yaani binti wa watu analala kwa kukopa!"

Sote tulicheka. Mwenzetu hakucheka. Alivua miwani akaishika mapajani, akasema kwa sauti ya chini, "Nilijua halali. Sikujua ni kiasi hiki."

Taratibu angeweza kumwonyesha kosa, ila mtindo wake ni kumwacha mtu alitafute. Mwenzetu akalibeba nyumbani. Kwa siku kadhaa akawa anapika huku akihesabu kwa vidole, na chumvi akaitia mara mbili. Programu ile ilikuwa haimkosei yeye wala yeyote kati yetu. Ilikuwa inakukosea wewe tu. Kisha asubuhi moja, ametoka kusali, akainua macho kwenye saa ya ukutani, ambayo ameiweka kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Mshale ulikuwa unavuka kumi na mbili kwenda kwenye moja, na akaona. Sisi wote tunaamka kabla ya mshale kuvuka pale. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri hakuwahi kufikiri kwamba saa inaweza kugeuka na kuanza moja upya huku mwanadamu bado yuko kitandani.

Alikuja darasani kabla ya mwenye ufunguo. "Mwalimu, ile moja yake si moja. Ni kumi na tatu. Inabidi tumwongezee kumi na mbili."

"Kila mara?"

Akafikiri. "Hapana. Kama saa ya kuamka ni ndogo kuliko ya kulala, hapo tu."

Taratibu alipiga makofi peke yake. Wakaandika ile amri ya "kama". Nane, moja, na mashine ikaleta tano bila kistari. Mwenzetu akamshukuru Mungu kwa sauti, kwamba angalau ulikuwa umelala. Kisha akaongeza mstari wake mwenyewe ambao hakufundishwa na mtu: kama ni chini ya sita, mashine iseme jambo fulani. Hatutalisoma hapa.

Siku ile mshonaji alimwita dirishani, akamuuliza tena, "Haya, kazi yake ni nini?" Mwenzetu akajibu bila kusita. "Anaiuliza mashine maswali kwa niaba ya watu asiowaona, na anahakikisha haiwajibu vibaya." Mshonaji akasema hiyo ni kazi ya heshima. Kama jibu hilo lina makosa, mgeni rasmi, utatusahihisha.

CHANGAMOTO

Umeme unakatika tukiwa hatujahifadhi kazi. Mashine namba mbili inanguruma. Kitufe cha herufi A kimechoka kwenye mashine zote, kwa kuwa ndiyo herufi ambayo lugha yetu inaipenda kuliko zote. Tumeiandika upya kwa rangi ya kucha, lakini lazima ukigonge kama unabisha hodi kwa mtu mwenye usingizi mzito.

Changamoto nyingine haitengenezeki kwa kipuri. Programu ya mwenzetu inauliza mtu ambaye hayupo. Taratibu alitufundisha kwamba mashine ikishauliza inasimama, ule mstari mdogo unapepesa, haiendi mbele wala nyuma hadi mtu ajibu. Mwenzetu anaipenda sana sehemu hiyo. Huiwasha programu yake, huacha swali liko wazi, na hukaa mbele yake mikono ikiwa mapajani. Mwishowe hujijibu mwenyewe kwa kukisia. Tukimuuliza anasubiri nini, husema, "Nasoma."

Juzi alijifanya yuko shwari tulipomwambia umekubali kuja. Kisha Taratibu akabandika ratiba yako mlangoni: kuwasili, risala, kukabidhi vyeti, kuondoka. Mwenzetu aliisoma yote kwa kidole, akafika mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Nyumba yake iko nyuma ya ukuta huu. Alichukua ufagio akafagia darasa, na siku hiyo haikuwa zamu yake.

MAOMBI

Tunaomba utusaidie kupata vibodi vipya, hata vilivyotumika, mradi A iwe hai. Tunaomba kifaa cha kutunza umeme ili kazi zetu zisipotee. Tunaomba mwalimu Taratibu apate wa kumpokea, maana anafundisha peke yake na kifua chake si kizima.

Ombi la mwisho mwenzetu hakulisoma. Tuliliongeza baada ya yeye kuturudishia rasimu, na lawama tutazibeba sisi.

Tunaomba, kabla ya vyeti, ukae kidogo mbele ya mashine namba nne. Imeshawashwa. Maswali ni mawili, na yote yanataka namba tu. Usiweke za kumfurahisha mtu, weka za jana. Ni programu ndogo sana, wewe ungeiandika huku unakunywa chai. Lakini tangu ilipozaliwa haijawahi kujibiwa na yule aliyeandikiwa. Ukishajibu itatoa hesabu, na kama ni chini ya sita itakwambia lile jambo lake. Lisome polepole. Sisi tutatazama pembeni.

Kuhusu ratiba usijali. Dereva wako ameshawekewa chakula kwa mshonaji, na mtu akishakaa kwa mshonaji haondoki mapema, atasimuliwa.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hatukuandika haya kukuaibisha mbele ya watu. Umetuletea heshima kabla hujatuletea kitu chochote. Tunamwomba Mwenyezi Mungu akupe kazi isiyokumaliza, akulinde na kila jicho baya, na kila usiku akupe usingizi wa kutosha, usiohitaji kuongezewa kumi na mbili. Awarehemu waliotutangulia, baba yako akiwa mmoja wao.

Ni sisi wako, Kikundi cha Wanawake cha Jaribu Tena, darasa la ghalani.

Sentensi zinazofuata tuliziandika kabla hujafika, kwa kuwa tunamjua mtu wetu. Sasa unaweza kugeuka. Yule wa karibu na mlango, mwenye gauni lililopanda bega, ameshainuka. Usimwite, hatageuka mbele ya watu. Shuka ameshaianua kambani tangu asubuhi, na kitanda chako kiko palepale, chini ya dirisha. Anakwenda kukitandika. Anafungua mlango wa nyuma, anatoka.